Kiyoyozi Kinachopasha Joto: Kutoka Portland hadi Makete

Mtu wa Dar es Salaam akiingia kwenye nyumba ya Portland, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, katikati ya Januari, kitu cha kwanza atakachokitambua ukutani ni AC. Ni ileile ya Sinza na Mikocheni: boksi jeupe, refu, limetundikwa karibu na dari, na mwenzake mwenye feni kubwa yuko nje anaunguruma. Nje theluji imefika magotini na kipimajoto kinasoma nyuzi 15 chini ya sifuri. Ndani watoto wanacheza pekupeku. Kinachowapasha joto ni hiyo AC.

Habari hii inatuhusu kuliko inavyoonekana. Mashine ambayo Afrika Mashariki tunaijua kama kitu cha kupoza tu, na tena kitu cha wenye fedha, ndiyo leo inayoondoa mafuta na kuni kwenye nyumba za nchi za baridi. Na sisi tunazo sehemu za baridi. Makete, Njombe, Mufindi na Lushoto za Tanzania, Limuru na Kinangop za Kenya, Butembo ya Kongo: huko wapo watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani, na wapo waliolala hivyo wasiamke.

Tuanze na Maine, kwa sababu huko jambo hili limejaribiwa kwa ukubwa na kwenye baridi isiyo na mzaha. Takriban nyumba sita kati ya kumi katika jimbo hilo zilikuwa zikipashwa joto kwa mafuta, kiwango cha juu kuliko jimbo lolote la Marekani. Chini ya nyumba kuna tangi, lori linakuja kulijaza, na boila inachoma mafuta hayo miezi yote ya baridi. Mwaka 2022 bei ilipopanda kupita dola 5 kwa galoni moja, yaani karibu lita nne, kujaza tangi moja tu kulikula sehemu kubwa ya mshahara wa mtu. Lakini jimbo lilikuwa limeshaanza safari. Mwaka 2019, chini ya Gavana Janet Mills, ilipitishwa sheria ya kufunga pampu za joto 100,000, yaani AC za namna hii, ifikapo 2025. Lengo lilifikiwa mwaka 2023, miaka miwili kabla, na gavana akaongeza lingine: 175,000 zaidi ifikapo 2027. Kuanzia Septemba 2023 taasisi ya jimbo iitwayo Efficiency Maine ilitoa ruzuku kwa anayeifungia nyumba nzima pampu hizo: hadi dola 8,000 kwa familia ya kipato cha chini, na hadi dola 4,000 hata kwa mwenye uwezo. Mpango huo ulikuwa na haki ndani yake. Aliye na kidogo alipewa zaidi.

Na Kiswahili kinazungumzwa huko, kwa hiyo bili hizo ni za wenzetu pia. Juni 2019 mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, walifika Portland na kulazwa kwenye ukumbi wa michezo wa Portland Expo. Wengine wamehamia Lewiston na miji ya jirani. Huko, anayetafuta nyumba ya kupanga huuliza mapema kama gharama ya joto imo ndani ya kodi au ni juu yake, maana ikiwa ni juu yake, bili ya Februari inaweza kuwa nzito kuliko chakula cha mwezi.

Siri ya mashine hii ni moja, na ukishaielewa mengine yote yanafuata. AC haitengenezi baridi. Inachukua joto lililomo chumbani na kulitupa nje, kama pampu ya kisima inavyochukua maji chini na kuyapandisha kwenye tangi. Umeme unaoulipia ni wa kusukuma tu. Ukigeuza mwelekeo, joto litachukuliwa nje na kuletwa ndani. Ndiyo maana wataalamu wanaiita pampu ya joto, na hilo ndilo jina lake halisi, iwe inapoza Tanga au inapasha Maine.

Lakini ni joto gani litakalopatikana kwenye hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri? Lipo, na ni jingi. Joto huisha kabisa kwenye nyuzi 273 chini ya sifuri, na hakuna kijiji duniani kilichokaribia hapo. Ndani ya mabomba ya shaba ya AC mna gesi maalumu. Ile ya R32, iliyomo kwenye mashine nyingi mpya, isipogandamizwa huchemka kwenye nyuzi kama 52 chini ya sifuri. Kwa kitu kinachochemka kwenye baridi ya namna hiyo, hewa ya Maine ni ya moto. Gesi hiyo ikiwa bado kimiminika hupita kwenye mashine ya nje, inanyonya joto la hewa, inachemka na kuwa mvuke. Kompresa inaugandamiza mvuke huo mpaka unakuwa wa moto kwelikweli, unaingia ndani, feni inaupulizia hewa ya chumba, joto linabaki kwa wenye nyumba, na mvuke unarudi kuwa kimiminika kwenda kuchukua mzigo mwingine.

Hapo ndipo fedha inapookolewa. Hita ya kawaida ya umeme, ile ya waya unaowaka mwekundu, ikila uniti moja inatoa joto la uniti moja, basi. Pampu ya joto ikila uniti moja, katika baridi ya wastani, inaingiza ndani joto la uniti tatu, mara nyingine zaidi. Baridi ikizidi, hesabu inashuka. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri mashine nzuri hupata kama uniti mbili. Bado ni mara mbili ya hita.

Wazo lenyewe ni kongwe. Lord Kelvin, mwanafizikia wa Glasgow, alilieleza mwaka 1852, na miaka michache baadaye Peter von Rittinger akajenga mtambo wa aina hiyo kwenye kiwanda cha chumvi huko Austria. Jengo la halmashauri ya jiji la Zurich, Uswisi, lilifungiwa pampu ya joto mwaka 1938, ikichota joto kwenye maji ya mto Limmat. Waliolifikisha wazo hilo kwenye chumba cha mtu wa kawaida ni Wajapani, walioigawa mashine vipande viwili, cha ndani na cha nje, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaitia inverta. Inverta ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Kompresa ya zamani inajua mambo mawili tu, kuwaka kwa nguvu zote au kuzima. Yenye inverta hupunguza na kuongeza mwendo, inakwenda polepole usiku kucha ikishikilia joto lilelile, na kwenye baridi kali inajikaza.

Ukutani ndipo mashine hii inapoishinda mitambo mikubwa iliyozoeleka Marekani. Nyumba nyingi za huko zinapozwa na kupashwa kwa mtambo mmoja unaosukuma hewa kwenye mifereji ya bati iliyopita darini na chini ya sakafu, na hewa nyingine huvujia njiani. Nyumba kuukuu za Maine, zilizojengwa kwa ajili ya boila, hazina mifereji hiyo kabisa, na kuiweka leo ni kubomoa. AC ya ukutani inataka tundu moja unaloweza kuliziba kwa kiganja, na kila chumba kinajiamulia joto lake. Norway imeshawatangulia Wamarekani: takriban kaya sita kati ya kumi nchini humo zina pampu ya joto. Sweden na Finland zinafuata. Hizo ni miongoni mwa nchi zenye baridi kali zaidi za Ulaya, kwa hiyo anayesema mashine hii haifai kwenye baridi anazungumzia mashine za zamani.

Ina tabia zake, na anayeishi nayo anapaswa kuelezwa. Huko Maine mashine ya nje huwekwa juu ya miguu ya chuma, mara nyingi na kipaa kidogo juu yake, ili theluji isiizike. Kwa kuwa inanyonya joto kwenye hewa yenye unyevu, mapezi yake huota barafu, meupe kama yamepakwa chokaa. Kila baada ya muda inajigeuza yenyewe, inakopa joto kidogo la ndani na kuiyeyusha barafu hiyo. Kwa dakika chache feni ya chumbani inasimama, maji yanachuruzika chini, na wingu la mvuke linapanda kutoka nje ya dirisha. Mgeni aliyefika mwezi uliopita kutoka Uvira, Kongo, anaweza kudhani nyumba inaungua. Akikosa mtu wa kumweleza kwa lugha anayoielewa, ataizima, atanunua hita ya waya, na mwisho wa mwezi bili itamwangusha. Naona mashirika yanayowapokea wageni hawa yangefanya jambo kubwa kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili uliobandikwa kando ya rimoti: acha nyuzi zilezile mchana na usiku, usizime kila unapotoka, osha chujio kila mwezi, fagia theluji iliyoziba mashine ya nje, ukiona mvuke, usiogope.

Na ina udhaifu mmoja ambao sisi tunaujua vizuri kuliko Wanorway: umeme ukikatika, joto linakatika. Desemba 2023 dhoruba ilizima umeme kwa wateja zaidi ya 400,000 wa Maine. Boila ya mafuta nayo inahitaji umeme wa kuisukuma, kwa hiyo waliokuwa na raha siku hizo ni wenye jiko la kuni. Wengi wameendelea kuwa nalo, na wamefanya busara.

Sasa turudi nyumbani. Mashine nyingi zinazouzwa pwani yetu ni za kupoza tu. Ni pampu zisizogeuka. Tofauti kubwa iko kwenye vali moja ya mabomba manne ya shaba iliyofichwa ndani ya mashine ya nje, pamoja na programu ya kuiongoza. Usiangalie rimoti. Rimoti nyingi zina alama ya jua hata kama mashine haiwezi kupasha, kwa sababu kiwanda kinatengeneza rimoti moja kwa aina zote; ukibonyeza jua, inapuliza upepo tu. Angalia kibandiko cha ubavuni kwa mashine ya nje. Pakiwa na mstari wa uwezo wa kupoza na chini yake mstari wa uwezo wa kupasha, hiyo ni pampu kamili. Pakiwa na mstari mmoja, umenunua nusu. Kwa Dar au Mombasa nusu hiyo inakutosha. Kwa anayejenga Iringa, Mbeya au Limuru, ni kosa la kujutia. Kenya ina kanuni za tangu mwaka 2016 zinazotaka AC za aina hii ziwe na lebo ya nyota, na mnunuzi wa huko asilipe kabla hajazihesabu nyota hizo.

Ukubwa nao unawapotosha wengi. Chumba cha kulala cha mita za mraba 15 kinatoshelezwa na BTU (kipimo cha nguvu ya mashine) 9,000 au 12,000, lakini mtu anaambiwa achukue 18,000 "ipoe haraka". Inapoa haraka kweli, kisha inazima kabla haijakausha unyevu wa hewa, na kwa mtu wa pwani unyevu ndio unaochosha kuliko joto lenyewe. Anabaki na chumba baridi kinachonata. Kabla ya BTU, itazame nyumba. Paa la bati lisilo na kitu cha kuzuia joto juu ya dari linageuza chumba kuwa tanuri hadi saa nne usiku, na madirisha ya vipande vya vioo vinavyopishana hayafungi sawasawa hata siku moja. Waliojenga Lamu na Mji Mkongwe kwa kuta nene za mawe ya matumbawe walikuwa wamelimaliza nusu ya tatizo kabla ya umeme kuvumbuliwa. Fedha ya kwanza iende kwenye dari na madirisha, ya pili kwenye mashine.

Halafu kuna suala la gesi, na hapa naomba msomaji atulie, maana ndipo watu wanapoumizwa zaidi. Mazungumzo haya yanasikika kila mtaa wenye AC:

"Fundi, mbona haipozi tena?"

"Gesi imeisha, mama. Tunaongeza tu, itakuwa sawa."

Gesi ya AC haiishi. Hailiwi wala haichomwi. Inazunguka humohumo kwenye mabomba yaliyofungwa, na mashine iliyofungwa vizuri inaweza kuzeeka na gesi iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, inavuja mahali, mara nyingi kwenye maungio ya nati yaliyokazwa vibaya siku ya kwanza. Anayeongeza bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kitakachotoka tena hewani, na mwakani utampigia simu. Fundi anayejua kazi utamtambua kwa vyombo: ana pampu ya kuvuta hewa, ana geji, ana mzani wa kupimia gesi. Baada ya kuunganisha mabomba anavuta hewa na unyevu wote uliomo, anasubiri, anatazama geji kama imetulia, ndipo anafungua gesi. Asiye na pampu hiyo hupuliza gesi kidogo kusukuma hewa itoke, na unyevu unaobaki unaila kompresa taratibu.

Gesi inayovuja inaumiza zaidi ya mfuko wa mwenye nyumba. Kilo moja ya R410A, iliyomo kwenye mashine nyingi za miaka iliyopita, inalipasha joto anga kama kilo 2,088 za hewa ya ukaa. R22 ya zamani ni kama 1,800, na juu ya hapo inatoboa tabaka la ozoni. R32 ni 675; imepungua sana, ingawa inaweza kushika moto na inataka fundi mwenye nidhamu. Ni hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016, ambako mataifa yalikubaliana kuzipunguza gesi za kundi la R410A na R32 hatua kwa hatua, katika marekebisho ya Itifaki ya Montreal ya kulinda tabaka la ozoni, yanayobeba jina la mji huo wa Kigali. Kwa nchi nyingi zinazoendelea, mwaka 2024 ndio uliowekwa wa kuzuia matumizi yasipande tena. Makubaliano hayo yalipitishwa na wajumbe wa serikali, lakini yanatekelezwa au kuvunjwa na kijana mwenye spana juu ya ngazi.

Nimewaacha watu wa nyanda za juu hadi hapa kwa makusudi, kwa kuwa nadhani wao ndio mashine hii iliyokuwa ikiwasubiri. Juni na Julai, usiku wa Makete huteremka karibu na sifuri na asubuhi majani huwa na jalidi. Watu wanaingiza jiko la mkaa, wanafunga mlango na dirisha. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayokamata damu mahali pa oksijeni. Anayelala hahisi kukabwa; anasikia usingizi mzito. Kila msimu wa baridi habari za familia zilizokutwa zimekufa hivyo zinarudi magazetini, na kila msimu tunaishia kutoa onyo. Onyo bila njia nyingine ya kupata joto halimsaidii mama mwenye mtoto wa siku tatu.

Kwa mashine hii, baridi ya Makete ni nyepesi. Nyuzi 5 juu ya sifuri ndipo inapofanya kazi kwa raha, ikitoa joto la uniti tatu au zaidi kwa kila uniti inayokula. Mashine ya BTU 12,000 yenye inverta, ikienda kwa nguvu zote, hula kama uniti moja kwa saa, na chumba kikishapata joto inapunguza. Kwa usiku wa saa kumi, tuseme uniti 10 kwa kiwango cha juu. Hita za waya zitakazotoa joto hilohilo zitakula kama uniti 35.

Sisemi kila nyumba ya Makete ikanunue. Bei ya mashine na kufungwa kwake bado ni kubwa kwa mkulima wa viazi, na umeme mdogo wa vijijini unaua kompresa isipokuwa na kifaa cha kuilinda. Nasema ianze mahali ambapo joto ni tiba. Shirika la Afya Duniani linataka chumba cha kujifungulia kiwe na nyuzi zisizopungua 25, kwa sababu mtoto anayezaliwa, hasa njiti, hupoteza joto kwa dakika chache, na baridi inamfungulia mlango wa maradhi mengine. Nyuzi 25, usiku wa Julai, mlimani. Hazipatikani kwa blanketi, wala hakuna muuguzi atakayewasha mkaa wodini. Zinapatikana kwa boksi lilelile tunalolitundika ofisini Posta, katikati ya Dar es Salaam, ili watu wavae koti mchana wa Februari.

Na hospitali zetu zinanunua AC tayari, kwa ajili ya maabara, famasi na chumba cha upasuaji. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, inafundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi, kwa hiyo mafundi wa kuongezewa ujuzi wapo. Kinachotakiwa kwa halmashauri za nyanda za juu ni mistari michache kwenye hati ya zabuni: badala ya "AC ya BTU 12,000" iandikwe "inayopasha na kupoza, yenye inverta, iliyothibitishwa kupasha kwenye nyuzi sifuri, pamoja na kifaa cha kulinda umeme, ifungwe na fundi mwenye pampu ya kuvuta hewa". Baridi huanza kukaza Juni. Zabuni ya namna hiyo itoke mapema, mashine ziwe zimefungwa na kujaribiwa wodini kabla ya Mei kwisha.